Matundu Matatu Hayajakuambia Kitu

Msomaji mmoja wa Kisumu amenitumia picha ya karatasi ya shabaha. Matundu matatu yamegusana, ameyazungushia kalamu nyekundu, na chini ameuliza: "Risasi hizi ndizo zenyewe kwa bunduki yangu, ama? Ninunue boksi zote zilizobaki dukani?"

Hongera, ndugu yangu. Lakini usinunue bado.

Wenzetu wa Marekani wenye bunduki kubwa hujijazia risasi nyumbani. Wanapima baruti, wanabadilisha kichwa, halafu wanaenda uwanjani kuona mtutu umekubali nini. Sisi wa .22, bunduki ndogo ya shabaha, hatuna mlango huo. Kiwashio cha risasi yetu kimejazwa ndani ya ukingo wa ganda, na ukingo ukishagongwa umebonyea. Ganda hilo ni la kutupa. Tunachoweza ni kuchagua: kampuni, aina, na zaidi ya yote namba ya loti, yaani fungu la risasi zilizotengenezwa pamoja, iliyopigwa kwenye boksi. Boksi mbili za jina moja na bei moja, zikiwa za loti tofauti, zinaweza kupiga tofauti kabisa kwenye bunduki ileile. Na loti inayopendwa na mtutu wangu, wako unaweza kuikataa.

Nilipoanza kujaribu loti kwa utaratibu, hapa Nakuru, mwanachama mwenzangu mmoja wa klabu (simtaji, anajijua) alinicheka mbele ya watu wakinywa chai. "Huyu anachoma pesa apate hesabu za kuweka kwenye daftari." Wote wakacheka, hata wale niliowahi kuwaazima mifuko yangu ya mchanga. Nilikunja karatasi zangu nikaondoka, na sitadanganya, hadi leo nikilikumbuka neno lile linanichoma. Yeye alikuwa mtu wa risasi tatu: anapiga, anapiga picha, anatuma kwenye grupu la WhatsApp, anasifiwa.

Sasa sikiliza hesabu yenyewe, maana ndiyo iliyonilipia. Bunduki ileile, risasi zilezile, mpigaji yuleyule: ukipima umbali kati ya matundu mawili yaliyoachana zaidi, kundi la risasi 10 kwa wastani hutoka kubwa kuliko la risasi 3 kwa zaidi ya mara moja na nusu. Kwa hiyo kama matatu yako yamekaa ndani ya milimita 15, tarajia kumi zichukue kama 24. Hakuna kilichoharibika, ulikuwa hujaona risasi zote. Tena makundi ya risasi tatu huyumba sana kwa bahati tupu. Loti mbaya itakupa matundu yanayogusana, na loti nzuri itakutawanyia, siku hiyohiyo. Kwenye mita 50, duara la alama kumi katika karatasi ya kimataifa lina kipenyo cha milimita 10.4, dogo kuliko sarafu ya shilingi. Hapo bahati haikubebi mbali.

Kwa hiyo piga kumi, si tatu. Ukiwa na risasi za kutosha, piga kumi nyingine kwenye karatasi mpya. Na usipime yale matundu mawili ya mbali peke yake. Tafuta katikati ya kundi, pima kila tundu liko umbali gani kutoka hapo, kisha chukua wastani. Hivyo kila risasi uliyoilipia inasema neno lake, badala ya mbili tu kuamua kesi nzima.

Jambo la pili ni nta. Risasi za .22 hupakwa mafuta au nta, na kila kampuni ina yake. Ukibadilisha aina, mtutu bado umevaa ya jana. Piga kama kumi pembeni bila kuzihesabu, ndipo uanze. Najua inauma, kwa sababu cheti cha silaha kinakuwekea kikomo cha risasi unazoruhusiwa kuwa nazo, na duka haliko kila mtaa. Lakini jaribio la kubahatisha ndilo linalomaliza risasi.

Tatu, upepo. Asubuhi uwanja wetu hutulia. Kufikia adhuhuri upepo umeamka. Ukipiga loti ya kwanza saa mbili na ya mwisho saa saba mchana, umepima saa, hujapima risasi. Gawanya kila loti mafungu, uzungushe zamu zake, na ufunge utepe kwenye kijiti ili uone hewa inaelekea wapi. Piga ukiwa umelaza bunduki juu ya mifuko ya mchanga, tunajaribu risasi hapa, mabega yako yatajaribiwa siku nyingine.

Halafu hizi risasi za kasi kubwa ambazo vijana wanazipenda. Sauti husafiri takriban mita 340 kwa sekunde. Risasi inayotoka mtutuni kwa kasi kubwa kuliko hiyo itapunguza mwendo na kuvuka mpaka huo ikiwa angani, na hapo huyumbishwa. Za shabaha hutengenezwa zitoke chini ya mpaka huo. Uwindaji ulipigwa marufuku Kenya tangu 1977, bunduki yako ni ya karatasi. Hiyo kasi unampelekea nani?

Mashindano ya klabu yaliyofuata, kikombe kilikuja kwangu. Yule bwana aliyelicheka daftari langu alilalamikia upepo. Upepo ulikuwa mmoja kwa sisi sote, na vijana wetu walioko uwanjani leo waache kujifunza kwa watu wa picha. Mtu asiyeweza kukuonyesha karatasi zake mbaya hana cha kukufundisha.

Wewe wa Kisumu, chukua boksi mbili za loti hiyo na mbili za nyingine, ujaribu kama nilivyoeleza. Ikishinda tena, rudi dukani na namba imeandikwa mkononi. Muuzaji akikwambia "ni zilezile tu," mwombe akugeuzie boksi usome mwenyewe.