Mbegu za uyoga kwa mtama: kwa nini chupa zinaoza, na namna ya kuokoa mkaa

Mkuu, umeuliza kwa nini chupa zako za mtama zinaoza kabla utando (zile nyuzi nyeupe za uyoga) haujafika katikati, wakati umezipika saa nzima kwenye presha kuka kama ulivyoelekezwa. Ukauliza pia kama kuna namna ya kuandaa mbegu, yaani mtama ulioenewa na utando, bila kumaliza gunia la mkaa. Mimi nipo Nyegezi, Mwanza, naotesha uyoga wa mamama (oyster) nyumbani na mbegu natengeneza mwenyewe, maana za kuagiza zilikuwa zinafika zimeshapigwa joto kwenye buti la basi, njano na zinanuka. Maswali yako mawili yanakutana sehemu moja: maji. Punje inatakiwa iwe imeshiba maji ndani na iwe kavu kwa nje. Ukilipata hilo, kazi iliyobaki ni usafi na subira.

Anza na mtama wenyewe. Nunua mtama mweupe wa kula, ule wa sokoni, usio na vumbi wala wadudu. Usichukue mbegu ya kupanda kutoka duka la pembejeo hata kama ni nzuri kwa macho, kwa sababu mara nyingi imepakwa dawa ya kuua fangasi, na uyoga nao ni fangasi.

Osha mpaka maji yatoke safi, kisha loweka jioni hadi kesho yake. Watu wengi wanaruka hatua hii ili kuokoa muda, na hapo ndipo wanapopoteza chupa. Ndani ya mtama kuna bakteria waliojifungia kwenye ganda gumu lisiloogopa maji ya kuchemka. Wakilowekwa wanaamka, na aliyeamka anakufa kwa moto kirahisi zaidi. Isitoshe, punje iliyolowa inaiva haraka, kwa hiyo mkaa unaanza kuokoka hapo hapo. Ila kwa joto letu la Mwanza usipitilize saa 24, maji yataanza kuchachuka.

Chemsha kama dakika 15 tangu maji yatokote, huku ukikagua. Bana punje kwa kucha: ikikatika laini na katikati hakuna kiini kikavu cha unga, imetosha. Epua kabla hazijapasuka. Punje iliyopasuka inamwaga wanga, chupani unakuwa uji, na uji ni chakula cha bakteria. Chuja ikiwa ya moto na uitandaze kwenye neti safi kivulini, mvuke wenyewe utaondoka na maji ya juu. Geuza geuza. Halafu chukua konzi moja, iweke juu ya tishu kavu kwa dakika moja, inyanyue. Tishu ikiwa na alama ya maji, bado, endelea kuanika. Kwa maelezo uliyotoa, kwamba chini ya chupa kuna ute na harufu ya kuchacha, naamini hapa ndipo penye tatizo lako kubwa.

Ikishakauka kwa nje, changanya jasi gramu 20 na chokaa gramu 5 kwa kila kilo ya mtama uliochemshwa. Jasi inazuia punje kugandana. Jaza chupa theluthi mbili tu ili upate nafasi ya kutikisa, ziba kwa pamba kavu iliyobanwa vizuri, funika juu kwa foili.

Sasa presha. Mwanza tupo zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na maji yetu yanachemka kwenye nyuzi 96 hivi. Hata geji ikisoma psi 15, ndani hupati nyuzi 121 za vitabuni, unapata kama 119. Kwa hiyo saa moja haitoshi, mimi napika dakika 90. Acha kwanza mvuke utoke kama dakika 10 kuondoa hewa, ndipo uweke ule uzito wa juu ya mfuniko, na anza kuhesabu presha ikishapanda. Mkaa mwingi unaliwa na kule kupandisha. Ikishapanda, ziba mlango wa jiko ubaki upenyo mdogo. Ndiyo maana sipiki chupa mbili tatu, najaza presha kuka mpaka inatosha. Ukimaliza usinyanyue uzito, iache ipoe yenyewe hadi asubuhi, la sivyo chupa zitachemka ghafla na pamba itaroa.

Huna presha kuka? Pika kwa mvuke saa moja, siku tatu mfululizo, na katikati uache chupa kwenye joto la kawaida. Inafanya kazi, ila mkaa utaulipia.

Kupandikiza, yaani kutia mbegu iliyokwisha kukolea utando kwenye chupa mpya, nafanya alfajiri, madirisha yamefungwa. Usiku taa inaita wale wadudu wa ziwani, wakiingia chumbani usafi wote umekwisha. Tumia boksi la plastiki angavu lenye matundu mawili ya mikono, na spiriti ya kusafishia ya asilimia 96 uipunguze: sehemu 7 kwa maji sehemu 2 na nusu. Chupa moja iliyokolea utando inapandikiza nyingine 8 hadi 10, kwa hiyo huna haja ya kununua mbegu mama kila mara. Usivuke kizazi cha tatu, nguvu inapungua.

Weka gizani. Utando ukifika theluthi ya chupa, tikisa mara moja ili usambae. Ukiona ukungu wa kijani, toa. Ukiona rangi ya chungwa, usiifungue kabisa ndani ya nyumba. Ipike tena ikiwa imezibwa ndipo uimwage, maana ule unga unaruka mbali na utakusumbua kwa muda mrefu.

Zikishajaa, tumia mapema, gramu 30 hadi 50 kwa kila kilo ya mabua ya mpunga yaliyolowa. Mbegu ya mamama nyeupe inakaa friji wiki kadhaa. Ya pinki usiiweke friji, baridi inaiua.