Vifuniko vya polipropilini vinapasuka: uanze na kipimo gani maabara?

Mkuu, nimesoma swali lako. Umetengeneza vifuniko vya polipropilini kutoka shehena mbili, na hati za muuzaji zinasema malighafi ni ileile. Vya kwanza vinadumu, vya pili vinapasuka kwenye bawaba, na fedha hazitoshi kulipia kila kipimo. Nimekaa kwenye maabara ya polima muda wa kutosha kuona wengi wakikimbilia mashine ya kuvuta, ile inayovuta kipande hadi kikatike. Mashine hiyo itakuambia kwamba kifuniko kibaya ni dhaifu, na hilo unalijua tayari. Unachotafuta ni sababu.

Kabla ya kulipia chochote, tenga kifuniko kizima, kifuniko kilichopasuka, na punje za malighafi za kila shehena. Bila punje hutajua kama ubaya umekuja na gunia au umetengenezwa ndani ya mashine yako.

FTIR, kipimo cha mwanga wa infraredi, ni ya haraka na kwa kawaida ni nafuu, kwa hiyo ifanye, ila usiitegemee sana. Kwako itasema polipropilini kwa zote mbili, kwa sababu inasoma aina ya vifungo vya kemikali, haisomi urefu wa minyororo ya molekuli. Angalia sehemu mbili tu. Kilele karibu na 1715 kwa sentimita kinaonyesha plastiki imeshaanza kuungua na oksijeni. Kilele kidogo karibu na 720 kinadokeza kuna ethilini ndani, ama iliyowekwa kwa makusudi ili plastiki isivunjike kwa urahisi, ama iliyoingia na plastiki iliyorejelewa. Ukitumia kichwa cha ATR, kile kinachogusa uso wa sampuli, mwanga unaingia mikroni moja au mbili tu, hivyo kata kifuniko usome na ndani, la sivyo utakuwa unapima jasho la vidole na mafuta ya kalibu.

Kipimo ambacho ningelipia kwanza ni cha mtiririko, yaani MFI. Watu wanakidharau kwa sababu kifaa chake ni pipa lenye joto, tundu na uzito juu yake. Kwa polipropilini unatumia nyuzi 230 na kilo 2.16, na jibu linakuja kwa gramu kwa dakika 10. Minyororo ikiwa mifupi, plastiki inatiririka haraka na namba inapanda. Polipropilini ikipata joto kali au ikikaa ndani ya pipa la mashine yako muda mrefu, minyororo yake hukatika. Kwa hiyo ukikuta punje zina 12 na kifuniko kilichotokana nazo kina 30, acha kumlaumu muuzaji, nenda kaangalie joto la mashine. Punje zenyewe zikitofautiana sana kati ya shehena mbili, hapo una kesi naye. Angalizo: usihamishie kanuni hii kwenye polietilini bila kufikiri. Hiyo ikiharibika mara nyingi minyororo yake hushikana, na namba hushuka. Joto lake la kupimia nalo ni tofauti, nyuzi 190.

Mtu atakuja kukuambia ufanye GPC, kipimo kinachochambua molekuli kwa ukubwa, ili upate usambazaji kamili wa urefu wa minyororo. Ni kweli ndiyo picha kamili, lakini polipropilini haiyeyuki kwenye viyeyusho vya kawaida; inahitaji triklorobenzini kwenye nyuzi kama 150, na maabara zenye mtambo huo si nyingi. Kwa kulinganisha shehena mbili, MFI inatosha.

Kinachofuata ni DSC, kipimo cha joto ambalo plastiki inachukua ikiyeyuka na kutoa ikiganda, na hapa ndipo watu wanapoteza taarifa nzuri. Unaweka miligramu 5 hadi 10, unapasha nyuzi 10 kwa dakika chini ya nitrojeni, unapoza, kisha unapasha tena. Wengi hutupa mpasho wa kwanza na kuripoti wa pili. Kwako wewe yote miwili ina kazi: wa kwanza unabeba historia ya kifuniko, jinsi kilivyopozwa ndani ya kalibu; wa pili historia hiyo imefutwa, inabaki plastiki yenyewe. Shehena zikitofautiana kwenye mpasho wa kwanza na kufanana kwenye wa pili, tatizo linaelekea kuwa la upoozaji. Polipropilini ya kawaida huyeyuka karibu na nyuzi 160 hadi 165. Ukiona kilele cha pili karibu na 125, uwezekano mkubwa polietilini imechanganyika humo, na muuzaji ana maelezo ya kutoa.

Kiwango cha ufuwele, yaani sehemu ya plastiki iliyojipanga kuwa fuwele, unakipata kwa kugawa joto la kuyeyuka kwa jouli 207 kwa gramu, ambayo ndiyo thamani inayotumika sana kwa polipropilini yenye fuwele tupu. Ukipata 95, ni asilimia 46 hivi. Lakini kama ndani kuna kijazo, tuseme unga wa madini wa talki, asilimia 20, lazima ugawe kwa 0.8 kwanza, na jibu linaruka hadi 57. Nimeona ripoti zilizosainiwa kabisa zikiruka hatua hiyo.

Ndiyo maana TGA, kipimo cha uzito unaopotea sampuli ikipashwa joto, inafaa ifanywe sambamba na DSC. Unachoma sampuli chini ya nitrojeni hadi plastiki iishe, kinachobaki ni kijazo. Talki inavumilia. Chaki, ikipita nyuzi 600 hivi, hutoa hewa ya kaboni na kupoteza asilimia 44 ya uzito wake, kwa hiyo hatua hiyo ya pili inakuonyesha ni kijazo gani walichokuwekea. Kama rangi ni nyeusi, badilisha nitrojeni kuwa hewa ya kawaida mwishoni ili kaboni nyeusi nayo iungue uijue kiasi chake.

Mashine ya kuvuta njoo nayo sasa, ukiwa na dhana ya kuthibitisha. Vipande visipungue vitano, chumba kiwe nyuzi 23, na vyote viwe na umri mmoja tangu kutoka kwenye kalibu, kwa sababu polipropilini huendelea kujenga fuwele siku kadhaa baadaye. Halafu hukutuambia vinapasuka wakati gani. Kama ni kwenye baridi tu, kumbuka polipropilini isiyochanganywa hugeuka kuwa kama kioo karibu na nyuzi sifuri. Huenda shehena ya pili haina ile ethilini, na kipimo cha kugonga kwenye baridi kitakufaa kuliko cha kuvuta.

Anza na MFI ya punje na ya vifuniko, kwa shehena zote mbili. Ukipata namba hizo nne ziweke hapa pamoja na joto la pipa la mashine, tuone kama kuna haja ya kulipia DSC.