Nyigu wa kuyu na hayo "mapenzi"

SWALI: Mimi ni mwalimu, Malindi. Naandaa somo la nyigu wanaozaliana ndani ya makuyu. Niseme dume "humwoa" jike, "humpanda", au "hufanya naye mapenzi"? Mhariri ashikilia hili la mwisho, eti lina adabu.

JIBU: Adabu! Mwalimu wangu, mapenzi tangu lini yakafanywa? Hapa Lamu watu huingiwa na mapenzi, hukondeshwa nayo, wengine huyatungia mashairi. Hawayafanyi. Kinachofanywa ni kazi, biashara na fujo. Msemo huo ni Kiingereza kilichovishwa kanzu, na sasa twaambiwa tumvishe na mdudu.

Haya, mtazame bwana arusi mwenyewe. Huanguliwa kabla ya majike, hana mbawa, na dunia yake yote ni kuyu hilo moja. Hutafuta kijumba alimo jike, akakitoboa kwa taya, akamaliza haja yake naye jike hajatoa hata kichwa nje. Na huyo jike mara nyingi ni dada yake! Posa iko wapi? Hina? Kikuba cha asumini? Kisha madume hutoboa ukuta wa kuyu ili majike watoke, wao wakafa. Jike naye huchukua chavua hadi kuyu jingine, akajipenyeza kwenye kitundu chembamba mpaka mbawa zikakatika, akataga, akafia humo. Mhariri wako anionyeshe mapenzi yalifanyika saa ngapi.

"Kumwoa" lisitupotezee wakati. Kaka haoi dada. Na msije mkaniletea "kumtia mimba". Nyigu huhifadhi mbegu za dume, halafu yai lililorutubishwa huwa jike, lisilorutubishwa huwa dume. Ndiyo maana jike aliyeingia kuyuni peke yake hutaga madume wachache tu, wa kuwatosha dada zao, mwanabiolojia Mwingereza W. D. Hamilton alishaeleza hesabu hiyo mwaka 1967.

Limebaki "kupanda". Punda wetu hupandana njiani mchana kweupe, na neno halijamuua mtu. Kwa nyigu halikai sawasawa, maana jike bado yumo kijumbani, lakini nitalivumilia. Darasani andika "kujamiiana", la mzizi wa Kiarabu wa kukusanya, lenye heshima zake na lisilodai moyo wa mtu. Mhariri akirudisha "kufanya mapenzi", mpe somo alichape kwa jina lake, nami nisiletewe nakala.