Maji ya puani ndiyo ya kuogopa

Mwanangu alikuwa na miaka 6 alipoamka usiku akilia kichwa kinamuuma. Mwili unachoma, ametapika mara mbili. Siku nne nyuma alishinda bwawani, maji ya vuguvugu, akijirusha miguu kwanza bila kuziba pua na kuibuka anakohoa huku anacheka. Nilishasoma habari za amiba ya ubongo, kijidudu cha majini kinachopita puani hadi kwenye ubongo, basi usiku ule hofu haikunitafuta mbali.

Haikuwa hiyo, alipona. Ila daktari alifurahi kwamba nilitaja bwawa kabla hajaniuliza. Homa, kichwa, kutapika, kisha shingo kukakamaa: ni dalili zilezile za homa ya uti wa mgongo inayoletwa na bakteria. Asipotajiwa maji, nani atakumbuka kutafuta amiba? Na muda ni mfupi. Dalili huanza siku ya 1 hadi ya 12 tangu maji yaingie puani, na wengi hufariki siku kama 5 baada ya hapo. Marekani waliandikwa wagonjwa 164 kati ya 1962 na 2023. Walionusurika ni 4.

Lakini hiyo 164 ni ya miaka zaidi ya 60, katika nchi ambayo mamilioni huogelea kila kiangazi. Kwa hiyo sikumkataza maji. Kuzama kunaua watoto wengi mno kuliko amiba, na macho yangu yako huko kwanza.

Amiba hiyo, kwa jina la kitaalamu Naegleria fowleri, huishi kwenye maji ya moto-moto yasiyo na chumvi, si baharini. Mtu akiyanywa hapati ugonjwa huu, wala hamwambukizi mwenzake. Njia yake ni pua: hufuata neva ya kunusia mpaka kwenye ubongo.

Siku hizi mwanangu anavaa kibanio cha pua, na sitaki achimbue matope ya chini. Mpira wa kumwagilia maji ukilala juani, namwaga yale ya moto kwanza ndipo wamwagiane, tena si usoni. Maji ya kumsafishia pua akiwa na mafua nayachemsha, yatokote dakika nzima, kisha yapoe. Ya bombani hivihivi hapana, hata yawe yananyweka.

Dada yangu ananicheka kwa kile kibanio. Mwenye pua anakipenda, anasema kinamfanya aongee kama bata.