Toa taarifa kabla hujaulizwa: tabia za kazini zinazoiweka ajira yako hatarini

Anayefuatilia mashauri ya nidhamu katika viwanda, maduka ya jumla na hoteli za hapa Mwanza huona jambo moja likijirudia. Makosa yenyewe, kwa sehemu kubwa, ni ya kusameheka. Kinachomfukuzisha mtu ni kwamba mkuu wake alizipata habari kwa mlinzi, kwa mteja au kwenye hesabu za mwisho wa mwezi, na mhusika yupo siku zote hizo, kanyamaza. Aliyechelewa akapiga simu na aliyechelewa akajipenyeza kimyakimya wamekosea sawasawa, lakini faili zao hazifanani.

Kuchelewa kwenyewe kuna hesabu zake. Mji umetanuka: mtu analala Buhongwa, Kisesa au Igoma, kazi iko Igogo, Nyakato au Ilemela. Daladala inasubiri ijae, mvua inanyesha, trafiki anasimamisha gari. Ukipanga kufika saa 2:00 kamili kwa kazi ya saa 2:00, umeshapanga kuchelewa. Kwenye kiwanda cha samaki ni zaidi ya hapo, kwa sababu kufika getini hakujawa kuanza kazi. Kuna kubadili nguo, kuvaa buti, kofia na aproni, kunawa mikono na kupita kwenye maji ya klorini. Tenga dakika 15 kwa hayo peke yake, na juu yake ongeza za njiani. Wa zamu ya usiku haondoki mpaka wewe ushike kisu, na yeye ndiye atakayekuwa wa kwanza kukulalamikia.

Ukishajua utachelewa, mpigie simu msimamizi wako kabla ya muda wa kuingia. Usitupie ujumbe kwenye group la kazi ukadhani umetoa taarifa. Asubuhi hakuna anayesoma. Mwambie uko wapi, utafika saa ngapi, na nani anaweza kukushikia nafasi. Ukifika, andika muda halisi kwenye kitabu cha mahudhurio. Kuandika 2:00 wakati umeingia 2:25 kunageuza uchelewaji, ambao adhabu yake ni onyo, kuwa udanganyifu, ambao adhabu yake inaweza kuwa kuachishwa kazi. Kumsainia rafiki ni hivyohivyo: siku ikigundulika mnaitwa wote wawili, na wewe uliyewahi ndiye uliyeghushi.

Misiba, ruhusa na ED (cheti cha daktari cha kukupumzisha kazi)

Hapa ndipo watu wengi wa Kanda ya Ziwa wanapoumia, na inasikitisha kwa sababu mara nyingi mtu hakuwa na nia mbaya. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi angalau siku 4 zenye malipo kwa mtoto anayeumwa au kufariki, na kwa kifo cha mwenzi wa ndoa, mzazi, babu au bibi, mjukuu, au ndugu wa kuzaliwa naye. Siku hizo 4 ni za mzunguko wote wa likizo, ambao kwa likizo ya aina hii ni miezi 36, hata misiba ikiwa mitatu. Zikiisha, mwajiri anaweza kukuongezea nyingine bila malipo.

Iangalie orodha hiyo vizuri. Baba mdogo hayumo, wala shangazi, mjomba na mkwe. Kwetu baba mdogo ni baba, na hakuna mtu mwenye akili timamu atakayeacha kwenda kumzika. Kwa hiyo mtu anaandika "nimefiwa na baba". Mwaka unaofuata baba mkubwa anafariki, naye anaandikwa "baba". Halafu anafariki baba mzazi, na ofisi ya utumishi ina baba wawili tayari kwenye faili. Siku unayohitaji huruma kuliko siku zote ndiyo siku unayoitwa mwongo.

Sema ukweli: ni baba mdogo, ndiye aliyenilea, naomba siku 3 zikatwe kwenye likizo yangu ya mwaka. Likizo hiyo ni siku 28, na mameneja wengi hukubali kuzikata kuliko kugundua kwamba wamedanganywa. Ukishapiga simu, tuma na maandishi yenye mambo haya: nani amefariki na ni nani kwako, msiba uko wapi, unaondoka lini, unarudi kazini tarehe gani, na nani amebaki na funguo au kazi yako. Mstari wa mwisho huo ndio unaompa mkuu wako amani, na ndio watu wanaousahau.

Kama msiba uko Ukerewe, usipange kurudi kwa chombo cha mwisho kabla ya zamu yako. Upepo ukichafuka ziwani, safari inaahirishwa, na kuzunguka kwa Rugezi, Kisorya na Bunda kunakula sehemu kubwa ya siku. Rudi siku moja kabla. Ukikwama, toa taarifa ukiwa hukohuko, siku hiyohiyo. Kanuni za Utendaji Bora za mwaka 2007 zinahesabu kutokuwepo kazini zaidi ya siku 5 za kazi, bila ruhusa wala sababu ya kukubalika, kuwa kosa linaloweza kumwachisha mtu kazi. Siku 5 zinatimia haraka sana ukianza kuhesabu kuanzia siku ruhusa yako ilipoisha.

Ugonjwa nao una utaratibu. Sheria inatoa siku 126 ndani ya miezi 36, za kwanza 63 kwa mshahara kamili na 63 zinazofuata kwa nusu mshahara, lakini mwajiri halazimiki kuzilipa usipoleta cheti cha daktari. Ukipewa ED, ipige picha na kuituma siku hiyohiyo, nakala halisi uipeleke ukirudi au mtu akupelekee. Za kununua acha kabisa. Cheti kina muhuri na namba ya mgonjwa. Simu moja kwenye zahanati inatosha kujua kama ulionekana pale.

Kwenye viwanda vya minofu kuna ugonjwa ambao kuuficha ni kosa kubwa kuliko kutokuja: kuhara, kutapika, au kidonda kilicho wazi mkononi. Mwishoni mwa miaka ya 1990 Umoja wa Ulaya ulizuia samaki wa Ziwa Victoria kwa sababu za usalama wa chakula, na viwanda vya ukanda huu vilijua maana ya kukosa soko. Msimamizi akikukuta unakata minofu na kidole kimefungwa kitambaa, hataona mchapakazi anayejikaza. Ataona mzigo mzima unaoweza kukataliwa. Toa taarifa mlangoni, kabla hujaingia ukumbini, upewe kazi nyingine au urudishwe nyumbani.

Pesa

Keshia, wakala, mhudumu wa kituo cha mafuta, muuzaji wa duka Makoroboi: wote wanaijua shoti, yaani pesa kupungua kwenye hesabu. Shoti ya mara moja haimfukuzishi mtu. Kinachomfukuzisha ni namna alivyoiziba.

Inakuwa hivi. Jumatatu droo imepungua 20,000. Mtu anaogopa, anachukua 20,000 ya mauzo ya Jumanne asubuhi na kufungia hesabu ya Jumatatu. Jumanne imepungua sasa, anaiziba kwa Jumatano. Ijumaa anaumwa tumbo, anashikiwa na mwenzake, na hesabu inagoma mikononi mwa mtu asiyejua lolote. Kufikia hapo hakuna tena shoti ya 20,000. Kuna siku nne za hesabu zilizoandikwa uongo, kila moja ina saini yake.

Njia salama ni ya kuchosha kidogo, lakini inalinda. Hesabu chenji ya kuanzia mbele ya anayekukabidhi, muandike kiasi, msaini wote. Usiruhusu mtu mwingine aguse droo yako bila kuifunga hesabu kwanza, hata ukienda chooni. Jioni hesabu kabla wa zamu inayofuata hajaingia. Ikipungua, hesabu tena mara moja, kagua risiti za EFD (mashine ya risiti za kodi) na miamala ya simu, kisha iandike kama ilivyo: kiasi, muda, nani alikuwepo. Mpelekee mkuu wako kabla hujatoka. Usiongeze pesa yako mfukoni kimyakimya. Ukizoea kufanya hivyo, siku itakayozidi watajiuliza na ile ya ziada ilikuwa inakwenda wapi.

Kuna tabia moja ambayo watu wema wengi wanaiona ya kawaida. Lipa namba ya duka imegoma, mteja ana haraka, muuzaji anasema "nitumie kwenye namba yangu". Hata ukiwa na nia safi, pesa ya mwajiri imeingia kwenye simu yako, labda ikakatwa deni la muda wa maongezi palepale. Kama hakuna njia nyingine, omba ruhusa kwa simu kwanza, hamisha pesa ndani ya saa hiyohiyo, andika namba ya muamala kwenye kitabu cha mauzo na umwonyeshe msimamizi. Bila hayo, utakuwa unaelezea nia yako mbele ya kamati, na nia haina risiti.

Kwa wanaoshika mali badala ya pesa, thamani haiwaokoi. Bondo moja la sangara (kibofu chake cha hewa) linaingia mfukoni, na watu hujitetea kwamba ni moja tu, au kwamba lilikuwa linaelekea kwenye mapanki, yaani mabaki ya samaki baada ya kutolewa minofu. Kanuni zinaangalia uaminifu uliovunjika, na bondo lenyewe linajulikana na kila mtu sokoni lina bei gani. Kama kiwanda kina utaratibu wa kuwauzia wafanyakazi mapanki au vichwa, nunua kwa risiti na uishike mkononi ukifika getini.

Madeni yako binafsi yanaingia kazini kwa mlango huohuo. Mkopo wa kausha damu unaokusanywa kila siku utamleta mkusanyaji mapokezini. Mikopo ya kwenye programu za simu ni mibaya zaidi, kwa sababu mingine inaomba ruhusa ya kuona majina yote kwenye simu yako, na ukichelewa kulipa, mkuu wako anatumiwa ujumbe wa kukudhalilisha. Anayeshika fedha akishajulikana anadaiwa kila kona, huanza kuangaliwa kwa jicho jingine hata kama hajagusa senti. Kama umebanwa, omba mshahara wa awali kwa maandishi, kiasi kamili na mpango wa makato. Kukopa kwa wenzako watano kunakuwa siri ya ofisi nzima.

Kauli

"Hiyo siyo kazi yangu." Sentensi hii imewapotezea watu nafasi nyingi, hata pale waliposema kweli. Ukizidiwa, jibu kwa kumrudishia uamuzi: "Sawa mkuu, nikianza hii, oda ya saa nane itachelewa, niache ipi?" Kama amri ni ya hatari, mathalani kuingiza mkono kwenye mashine kabla haijazimwa, kataa kwa upole, taja hatari yenyewe na mwite wa pili asikie. Lakini kukaidi amri halali mbele ya watu, ukapandisha sauti, ni utovu mkubwa wa nidhamu, na hapo hata mwenye hoja hupoteza. Mkuu wako amekosea hesabu kwenye kikao? Mfuate baadaye, mlango umefungwa.

Status za WhatsApp za kumsema bosi kwa mafumbo zinapigwa picha dakika hiyohiyo. Sina la kuongeza.

Na kama uliingizwa kazini na mjomba au jirani mwenye cheo, mwamkie kama kawaida, ila usilitaje jina lake kila unapokosolewa. Msimamizi aliyeogopeshwa nalo hakusahihishi tena. Anaandika tu, na siku mjomba akihamishwa, maandishi yanatoka.

Ukipewa barua ya kujieleza

Ipokee. Kukataa kusaini hakuifuti barua; kunaongeza kosa. Andika "nimepokea", tarehe na saa. Huko siyo kukubali kosa. Jibu ndani ya muda uliotajwa, na jibu tuhuma iliyoandikwa tu: kama unaulizwa kuhusu tarehe 14, usianze kueleza mwenzako alivyofanya mwezi uliopita. Taja saa, namba za simu ulizopiga, watu waliokuwepo. Ambatanisha ED, risiti, picha za miamala. Palipo na kosa, likiri kwa sentensi moja na useme utafanya nini tofauti. Baki na nakala yenye muhuri wa mapokezi.

Ukiitwa kwenye kikao cha nidhamu, una haki ya kupewa muda wa kujiandaa usiopungua saa 48, na ya kwenda na mfanyakazi mwenzako au mwakilishi wa chama cha wafanyakazi. Chagua anayejua tukio, asiyepayuka. Akitokea mtu anakusukuma uandike barua ya kuacha kazi "ili yaishe", usiiandike siku hiyo. Ukishaisaini, itakuwa vigumu sana kudai kwamba uliachishwa.

Walio chini ya miezi 6 kwa mwajiri huyo wajue kwamba vifungu vya uachishaji usio wa haki haviwalindi bado, kwa hiyo yote yaliyotangulia yanawahusu mara mbili. Kwa wengine, ukiachishwa na unaamini umeonewa, shauri linafunguliwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, hapahapa Mwanza, kwa fomu namba 1, ndani ya siku 30. Siku hizo zinaanza kuhesabiwa tangu ulipoachishwa, au tangu mwajiri alipotoa uamuzi wake wa mwisho. Nenda na mkataba, barua zote kwa mpangilio wa tarehe, hati za mshahara na zile nakala zenye muhuri.