Mleta uzi, futa hiyo Once Upon a Time in the West iliyotafsiriwa kabla hujaifungua

Mkuu, usiiguse hiyo. Umeuliza kwa nini muvi hii ya kaboi ya Waitaliano inasifiwa mpaka leo na imewaathiri kina nani, halafu chini ukaandika umeshapata kopi iliyotafsiriwa, ile jamaa anaongea Kiswahili juu ya muvi, imepunguzwa isile bando, na Jumamosi unaiangalia na mzee wako. Kopi ya namna hiyo hiyo ndo niliuziwa mimi, na muuzaji akaapa kabisa kwamba ni ful. Muvi hii ukishaharibiwa mara ya kwanza basi, huwezi kuiona upya.

Iko hivi. Inaanza na majambazi watatu kwenye stesheni ya treni katikati ya nyika wanamsubiri mtu. Zaidi ya dakika kumi hamna muziki na maneno ni ya kuhesabu. Kinu cha upepo kinalia kwii kwii hakijatiwa mafuta miaka, tone la maji linamdondokea mmoja wao, Woody Strode, anavaa kofia na kuliacha lidondokee hapo mpaka maji yanakusanyika halafu anayanywa, nzi anamtambalia mwenzake Jack Elam usoni mpaka jamaa anamnasa kwenye mtutu wa bastola, anauweka sikioni anamsikiliza akihangaika humo ndani. Mtunzi wa muziki ni Ennio Morricone, fundi wa mafundi, na hapo hakuweka noti hata moja, zile kelele ndo muziki wenyewe. Treni inafika, hashuki mtu, wanageuka waondoke zao, ndipo harmonika, kile kinanda cha mdomo, inalia ng'ambo ya reli. Nywele zinasimama.

Sasa huyo mtafsiri wa kopi yangu aliona kimya ni hasara. Akaongea mwanzo mwisho, kinu hukisikii, nzi humsikii, na treni haijafika akawa keshasema anayekuja ni nani, ile harmonika kaitoa wapi na Frank, adui wa muvi, alimfanyia nini. Siri yenyewe! Mwongozaji Sergio Leone kaificha zaidi ya masaa mawili, anakurushia tu picha ya mtu anakuja kwa mbali, ukungu mtupu, kila ikirudi imesogea kidogo, mpaka pambano la mwisho ndo unaelewa. Pale inapotakiwa roho ikuruke mimi nilikuwa najua kila kitu, nimekaa kama mtu anayesubiri daladala. Inaniuma mpaka leo, na sitamsamehe yule jamaa wala aliyeniuzia.

Na mtafsiri alifanya hivyo hivyo kwa Henry Fonda, anayeigiza Frank. Huyu mzee miaka yote alikuwa steringi mwema, 1939 kaigiza mpaka Abraham Lincoln. Leone akamgeuza adui. Familia imeandaa meza nje ya nyumba, wadudu wananyamaza ghafla, risasi, wanaanguka mmoja mmoja, anabaki mtoto. Watu wenye makoti marefu wanatoka vichakani, kamera inamzunguka kiongozi wao kwa nyuma taratibu mpaka unaiona sura, macho ya bluu yale yale ambayo Wamarekani waliyaamini miaka thelathini. Hapo unatakiwa ushtuke mwenyewe, sio uambiwe "adui huyu hapa wadau" wakati bado yuko kwenye vichaka!

Tena ikikatwa ni balaa jingine. Italia ilitoka Desemba 1968, karibu dakika 165. Wasambazaji wa Marekani 1969 wakaikata ikabaki kama 145, mapande mazima yakaenda, likiwemo la kile kibanda cha vinywaji jangwani ambako jambazi Cheyenne anakutana na mpiga harmonika mara ya kwanza, kwa hiyo baadaye hata huelewi hawa wawili wamejuania wapi. Ikaanguka vibaya kule. Ufaransa ilioneshwa ndefu na watu wakafurika kwenye kumbi. Hapo nani alikuwa na tatizo, muvi au mkasi?

Morricone alitunga muziki kabla hawajapiga picha, Leone akawa anaupiga hapo hapo lokesheni waigizaji watembee nao. Angalia mwigizaji Claudia Cardinale anaposhuka kwenye treni na hamna aliyekuja kumpokea, anaingia ofisi ya stesheni, kamera inamfuata kupitia dirishani halafu inapanda juu ya paa, mji wote unafunguka na sauti ya mwimbaji Edda Dell'Orso inapanda nayo. Mimi hapo huwa nalia na sioni aibu. Mtu akiongea juu ya hiyo sauti anakuibia.

Ishu ya walioathirika, muangalie mwongozaji Tarantino, sura ya kwanza ya muvi yake Inglourious Basterds kaipa jina kwa kuiga hili hili na ukiliona lile shamba na wageni wanaokuja kwa mbali utaelewa, wengine wadau watakutajia.

Wewe tafuta ndefu, sauti yake yenyewe na maandishi ya chini, spika za maana au hata erifoni, na usisogeze mbele dakika za mwanzo hata mzee akilalamika haianzi. Kama aliwahi kuiona mwombe asikuhadithie. Kabla hujabonyeza pleya cheki urefu wa faili, ikiandika masaa mawili na dakika 25 rudisha kwa aliyekupa.