Mshubiri haufi kwa kiu

Januari ya mwaka mmoja niling'oa mishubiri (aloe vera) mitatu kwa mkono mmoja, bila jembe. Nilipoishika mizizi, ganda lake likabanduka kiganjani ukabaki uzi mwembamba wa kahawia, na harufu yake ilikuwa ya viazi vilivyoozea stoo. Majani ya chini yalikuwa yamelegea, yanapitisha mwanga, ukiyabonyeza yanatoka maji. Iliniuma, maana niliihudumia kuliko mmea mwingine wowote pale uani.

Huko kuihudumia ndiko kulikoiua. Niliipanda mwanzoni mwa kifuku, msimu wetu wa mvua, hapa Kihesa, Iringa. Nilichimba shimo refu, nikajaza debe zima la samadi, na siku isiponyesha nikamwaga ndoo ya maji jioni. Nilifanya hivyohivyo kwa parachichi na yakakubali. Lakini udongo wetu huu mwekundu ukishashiba mvua hushika maji kama bakuli, na mshubiri ukikalia bakuli la maji, mizizi yake inaoza.

Aliyenionyesha kosa ni mama anayeniletea mchele kutoka Pawaga. Tulisalimiana kamwene, salamu ya Kihehe, akatua mzigo, akatazama lile shimo tupu.

"Mwanangu, huu si mchicha," akasema. "Kwetu unakaa mawemawe huko na hakuna anayeukumbuka."

"Sasa niupe nini, mama?"

"Upe mahali pa kupitishia maji. Maji yake unayo wenyewe majanini."

Na ndivyo ulivyo. Asili ya mshubiri huu tunaopaka ngozi ni Uarabuni, nchi ya mawe na jua. Mimea mingi hufungua vijitundu vya majani mchana, maji yakapotea kwa joto. Mshubiri huvifungua usiku, kukiwa na ubaridi, na jua likitoka huvifunga. Kiangazi chetu cha Mei hadi Novemba si kitu kwake. Kipindi cha kuuhofia ni kifuku.

Kwa hiyo sasa sichimbi shimo, nainua tuta la kimo cha goti. Chini naweka kokoto na vipande vya matofali. Juu yake ni mchanganyiko wa koleo mbili za udongo, moja ya mchanga wa mto na moja ya kokoto ndogo. Mchanga chukua ule wenye chembe kubwa, kama wa Ruaha Mdogo kule Ipogolo. Ule laini wa lipu hushikana ukawa kama saruji. Samadi naweka kiganja kimoja tu, tena iliyooza kabisa. Kabla ya kupanda namwaga ndoo ya maji juu ya tuta. Yakituama, nabomoa na kuongeza kokoto.

Kiangazi namwagilia mara moja kwa wiki mbili, baada ya kuingiza kidole hadi kiungo cha pili na kukuta pakavu. Juni na Julai, baridi ikikaza, simwagilii kabisa, maana mmea umelala na haunywi. Walioko Njombe, Makete na Mufindi, ambako umande huganda, pandeni kwenye makopo yaliyotobolewa chini, muyasogeze kibarazani usiku.

Mche uliotoka kivulini kitaluni usiupeleke juani siku hiyohiyo. Huku juu jua ni kali hata kukiwa na baridi, na majani yatageuka rangi ya matofali. Yangu yaligeuka hivyo, nikadhani ni ugonjwa. Niliyawekea kivuli cha nyasi, baada ya wiki kadhaa kijani kikarudi.

Machipukizi yanayozunguka mama yake yatenge yakifikisha majani manne au matano. Kata chipukizi kwa kisu safi, litoke na mizizi yake kidogo, lakini kabla ya kulipanda liache kivulini siku nne kidonda kikauke. Ukishapanda, kaa wiki nzima bila kulimwagia maji. Najua mkono unawasha kumwaga. Uzuie.

Tafadhali usiende kuchimba mishubiri ya milimani. Nyanda hizi zina aina nyingi za porini, nyingi zenye maua mekundu au ya machungwa, na si zote zinafaa kutumiwa na binadamu. Biashara ya kimataifa ya hizo za porini inadhibitiwa kwa sababu zinapungua. Huu wa bustanini maua yake ni ya manjano. Omba chipukizi kwa jirani.

Kuvuna, subiri karibu miaka mitatu, ukate majani ya nje. Jani ukilikata, lisimamishe ndani ya kikombe robo saa. Yatatiririka maji ya manjano: hayo ndiyo shubiri yenyewe, ile tunayosema chungu kama shubiri. Huendesha tumbo vibaya, na mjamzito asiyaguse kinywani kabisa. Yamwage, osha jani, ndipo umenye upate ule ute mweupe wa kupaka. Jaribu kwanza kidogo ndani ya kiwiko, kwa sababu wapo wanaowashwa.